Poti Aliyoifungua Baba Mdogo

Wiki iliyopita fundi wa intaneti alikuja kwangu Upanga kubadilisha ruta. Kijana wa heshima tu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa na akafanya kazi yake bila maneno mengi. Alipomaliza akaniuliza, "Dada, una kamera? Nikufungulie na poti kabisa, uwe unaiona nyumba hata ukiwa safari?" Nikamwambia hapana, kwa ukali ambao hakuustahili. Akaomba radhi, maskini, wala hajui kosa lake. Alipoondoka nilibaki nimekaa sebuleni na ile harufu ya plastiki mpya inayopata moto kwa mara ya kwanza, nikajikuta ninamdharau mtu ambaye sijamtia machoni miaka mingi.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kariakoo mnaijua harufu hiyo. Mnakumbuka kipindi kile kila mwenye duka alipotaka intaneti nyumbani kwake, na nyuma ya kila ruta alikuwepo shemeji, mjomba au mdogo wa mtu aliyejiita injinia. Wetu alikuwa Prosper, mdogo wake baba. Nilimwita baba mdogo kwa sababu nililelewa na adabu, si kwa sababu nyingine. Alisoma kompyuta miezi mitatu kwenye chuo kilichopanga chumba juu ya duka la vipodozi, na kuanzia hapo hakuna kifaa chenye waya ambacho hakukijua. Alikuwa na kibanda upande wa Gerezani akiuza chaja na makava ya simu, na mfukoni mwa shati lake zilikaa kalamu tatu. Sikuwahi kumwona akiandika na hata moja.

Tulikaa ghorofa ya tatu, na duka la baba lilikuwa chini ya jengo hilo hilo: masufuria, hotipoti, mabeseni, chupa za chai, vyote kwa jumla. Muuzaji alikuwa Zuhura, binti wa mtaa wa Kigogo, aliyekuja kwetu kabla mimi sijaanza shule. Mvua ikinyesha na Jangwani ikafurika, watu wazima wenye magari yao walibaki nyumbani. Yeye alizunguka huko alikozunguka, na saa mbili asubuhi alikuwa amekwishafungua duka. Bei zote alikuwa nazo kichwani. Alijua pia kwamba mimi siwezi kunywa maziwa yenye utando, na aliutoa utando kwa kijiko bila kunisimanga, jambo ambalo hata mama mzazi hakuliweza.

Baba ni Mchaga wa Rombo, na habari za Desemba mnazijua wenyewe. Mchaga asipopanda kwao Krismasi watu wanamhesabu ama mgonjwa ama kafilisika, na baba aliliogopa hilo la pili kuliko kifo. Lakini Desemba ndiyo mwezi ambao Kariakoo inauza. Kwa hiyo kila mwaka sisi tulipanda basi, duka likabaki na Zuhura, na kila mwaka tulirudi tukakuta kila kitu mahali pake, hata mfuniko wa sufuria haukupungua. Mtu mwenye akili angesema Mungu amempa mfanyakazi. Baba akasema anataka kamera.

Kazi ilifanyika Jumamosi. Ruta ilikuwa sebuleni kwetu, imewekwa juu ya kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima, na waya ukatolewa dirishani, ukashuka na bomba la maji mpaka dukani kwenye boksi la kamera, lile linalopokea picha zote. Baba mdogo alikaa kwenye kochi na laptop ya kuazima, akaniweka kando yake. Mimi nilisoma shule ya Kiingereza, na ukurasa wa ruta ulikuwa wa Kiingereza. "Hebu soma hapo," aliniambia, "tuone kama ada ya baba yako haiendi bure." Nikawa nasoma, yeye anatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha.

Kwa baba alieleza kwa sauti kubwa, mpaka mama akasikia jikoni. "Kaka, ruta ni askari wa getini. Wa ndani akitoka haulizwi. Wa nje akija anarudishwa. Sasa mimi nampa askari maagizo: akija mtu akagonga mlango namba hii, usimuulize kitu, mlete moja kwa moja mpaka kwenye boksi la kamera."

"Mtu gani?" baba aliuliza.

"Si wewe! Uko Rombo, unagonga kwa simu yako, unaona duka."

"Na akigonga mwingine?"

"Mwingine namba ataijulia wapi, kaka?"

Baba akaridhika. Swali lenyewe lilikuwa zuri, na ndilo pekee la maana aliloliuliza siku ile, lakini alijibiwa na mtu mwenye kalamu tatu.

Mahali penyewe paliandikwa Virtual Servers. Palikuwa na mstari wa kujaza: poti ya nje, poti ya ndani, na anwani ya kifaa ambako mgeni apelekwe. Mstari mmoja. Baba mdogo aliupigania tangu chai ya saa nne mpaka wali wa mchana ukapoa. Alizima, akawasha, akalaumu kampuni ya intaneti, akalaumu umeme wa Tanzania, akamlaumu Mchina. Mimi niliyekaa kando yake niliona kwamba alikuwa anajaza anwani ya ruta yenyewe, yaani alimwagiza askari ampeleke mgeni kwa askari. Nikamwambia, "Baba mdogo, namba ya boksi si ile inayoishia na sita na nne?" Akanitazama kama nimemtukana. "Nyamaza, Glory. Mambo ya kiinjinia haya." Nikaenda kunywa maji. Niliporudi mstari ulikuwa unaishia na sita na nne, na duka letu lilikuwa limeonekana kwenye simu ya baba, dogo, la rangi ya kijivujivu, na baba anacheka peke yake kwenye baraza.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Ukurasa wa boksi ulikuja na maandishi mekundu, nami nikayasoma: badilisha neno la siri lililotoka kiwandani kabla hujaendelea. "Ruka hapo," alisema baba mdogo. "Wanaandika hivyo kutisha watu. Nani atatoka Ulaya kuja kuiba beseni?" Neno la siri lilikuwa moja, mbili, tatu, nne, tano. Hata mimi, mtoto wa miaka tisa, daftari langu la siri nililifungia ndani ya begi na ufunguo nikaulalia.

Kamera zilikuwa nne: mbili dukani, moja mlangoni, na ya nne stoo. Stoo ilikuwa chumba cha nyuma chenye maboksi mpaka darini, na katikati palibaki nafasi ya mkeka mmoja. Hapo ndipo Zuhura alipokula mchana, aliposali, alipovua ushungi na kunyoosha miguu dakika kumi mlango ukiwa umerudishwa. Alipoiona kamera ya stoo ikining'inia aliuliza, "Na hii, baba mdogo?" Alimwita hivyo kwa kuniiga mimi. Akajibiwa, "Hiyo bado, waya haujatosha." Siku moja kabla ya safari, Zuhura akiwa amekwishaondoka jioni, baba mdogo alishuka na waya uliotosha. Hakumwambia mtu. Mimi nilimwona akipanda ngazi huku akijifuta vumbi, na sikumwambia Zuhura, kwa sababu sikujua kama ni la kumwambia.

Rombo hakuna aliyetazama televisheni mwaka ule. Walimtazama Zuhura. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa mawe karibu na zizi, na hapo ukoo mzima ulijipanga na vikombe vya mbege mkononi, wakipokezana simu ya baba. Shangazi zangu, watu wazima waliopata kipaimara, walisukumana. "Mbona amekaa?" "Mbona amesimama?" "Anacheka nini na huyo mteja?" "Ona anavyokula, ameanza saa ngapi?" Watu ambao hawajawahi kuuza hata kiberiti walikuwa wanamfundisha biashara binti aliyekuwa umbali wa siku nzima ya basi na asiyewasikia. Bibi alitaka kujua kabila lake, akaambiwa, akatikisa kichwa. Penye wengi pana mengi. Kufikia siku ya tatu walikuwa wamekwishampatia mchumba, mimba na mpango wa wizi, vyote kutoka kwenye picha isiyo na sauti.

Na baba mdogo alikuwa katikati yao, amevaa miwani ya jua kwenye ukungu wa Rombo, akieleza habari za askari wa getini kwa kila aliyefika. Kila aliyetaka namba alimpa. Binamu waliingiza kwenye simu zao hapo hapo. Baba aliona akaacha, kwa sababu alifurahia kuonekana ana duka linalotazamwa. Sikujua wakati ule kwamba mchezo huo alikwishaucheza Kariakoo kabla hatujaondoka, kwenye kijiwe cha kahawa, mbele ya mawinga wa korido yetu, wale vijana wanaowavutia wateja madukani kwa kamisheni. Aliwaandikia namba na neno la siri kwenye kipande cha karatasi. Hatimaye kalamu moja ilifanya kazi.

Wakubwa huchoka haraka na kila kitu isipokuwa kula. Ndafu, mbuzi mzima wa sherehe, ilipoanza kuchomwa waliniachia simu mimi. "Wewe ndiye mlinzi," alisema baba, na baba mdogo akaongeza maagizo yake: "Simu ikiingia, picha inaganda. Kwa hiyo yeyote akipiga, kata. Bonyeza nyekundu. Watu wa Krismasi hawana la maana, wanataka nyama tu." Nikakaa juu ya ukuta na sweta langu, nikijiona mtu mkubwa.

Niwaambie ukweli, nilifurahi mno. Nilimpenda Zuhura, na nilidhani ananiona. Ilikuwa hivi: kamera ya dukani ilifungwa juu kidogo ya saa ya ukutani, na kila Zuhura alipotaka kujua saa aliinua uso, akatazama sawasawa machoni mwangu. Mimi nilidhani ananisalimia. Nilimpungia mkono. Nilimwambia habari za ng'ombe aliyezaa na za binamu aliyeanguka mtoni. Akiangalia saa mara nyingi, kama mtu yeyote anayesubiri siku iishe, nilijua amenikumbuka sana leo. Mlinzi wa ajabu mimi, nilikuwa naongea na mtu anayetazama saa.

Siku mbili baada ya Krismasi nilimwona anaongea na winga mmoja; winga amejiegemeza kaunta, anacheka na simu yake mkononi. Zuhura hakucheka. Alirudi nyuma kana kwamba amemwagiwa maji. Kisha akaingia stoo, nami nikabonyeza picha ya stoo nimfuate. Hakukaa kwenye mkeka. Alisimama akazungusha macho darini, polepole, kona moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye ile kamera aliyoambiwa bado haina waya. Akanitazama. Safari hii hapakuwa na saa ya ukutani. Midomo yake ilisema kitu na uso wake ulikuwa wa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, nami nikahisi nimegombezwa bila kosa.

Akatoa simu yake, akabonyeza, akaweka sikioni. Mkononi mwangu simu ya baba ikatetemeka, picha ikaganda, na juu yake yakaja maneno Zuhura Duka.

Nilibonyeza nyekundu. Niliambiwa yeyote, na yeye ni yeyote, na zaidi ya hayo nilitaka kuona anafanya nini. Picha ikarudi, nikamwona anaitazama simu yake, anabonyeza tena, anaweka sikioni. Zuhura Duka. Nikakata. Alipiga mara nne. Mara nne nilimkata Zuhura ili niendelee kumtazama Zuhura. Kisha akapanda juu ya kreti, akavua khanga begani, na kioo chote kikawa kimejaa maua ya khanga, halafu giza.

Nilishuka ukutani nikikimbia. Nililia kwa sauti, kwa kuwa nilijiona nimefungiwa mlango: "Baba! Dada Zuhura amefunika kamera!"

Ukoo mzima uligeuka, midomo ikiwa na mafuta. Baba mdogo ndiye aliyezungumza kwanza. "Kaka, nilikwambia. Wizi unaanzia stoo." Hakuwahi kumwambia baba kitu kama hicho, lakini hakuna aliyebisha. Baba akachukua simu yake kutoka mkononi mwangu, akampigia Zuhura mbele ya watu wote, sauti ikiwa juu.

"Shikamoo, baba Glory. Nilikuwa nakupigia..."

"Umefunika kamera, hujafunika?"

"Nimefunika, lakini nisikilize kwanza..."

"Basi. Funga duka, funguo mpe jirani, kesho usije." Akakata. Shangazi mmoja akapiga makofi. Baba akakatiwa kipande cha mguu, kama mtu aliyetoka vitani.

Mama peke yake alisema, "Ungemsikiliza, baba Glory." Simu ya mama ilikuwa ndani ya mkoba, imezimwa tangu Dar, maana yeye likizo kwake ilikuwa likizo. Akaambiwa arudi kwenye ndizi zake.

Tuliporudi Kariakoo duka lilikuwa limefungwa siku saba, na hakuna kilichopungua. Baba alihesabu mara mbili, na nadhani aliumia kukuta vyote vimetimia. Jumamosi ya wiki hiyo Zuhura alipanda ngazi mpaka kwetu. Alikuwa amepungua uso. Aliamkia, akaitikiwa marahaba kwa shingo upande, akakaa kwenye ncha ya kochi, mkoba mapajani. Baba mdogo alikuwepo. Chakula kikiwepo alikuwepo.

"Baba Glory, sikuja kuomba kazi," alisema. "Nimekwenda maduka mawili kuomba, wote wananiuliza niliiba nini kwako. Korido nzima inajua nimefukuzwa kwa wizi. Nataka ushuke tu useme pale chini, kwa mdomo wako, kwamba sikuiba. Basi."

"Kwa nini ulifunika kamera?" baba aliuliza.

Akaeleza, macho chini, kwa sababu mama alikuwepo na mimi nilikuwepo. Yule winga alikuja kaunta akamwambia jana alikula wali maharage, akamwambia alilala ubavu gani, akamwambia asiwe anavaa ushungi, anapendeza bila ushungi. Siku nyingi walikuwa wanamtazama kijiweni, simu inapita mkono kwa mkono. Alifungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi alichomnyang'anya yule winga, akakiweka mezani. Ulikuwa mwandiko wa baba mdogo.

"Haiwezekani," alisema baba mdogo. "Mfumo wangu uko salama kabisa."

Mama akavuta mkoba wake. Alinipa simu yake, nikaingiza ile namba, nikaandika moja mbili tatu nne tano. Stoo ikatokea, na khanga ya Zuhura ikiwa bado imeziba kona yake. Mama akaitazama, akampa baba. Baba akaiweka mezani, kando ya ile karatasi. Baba mdogo akaanza kueleza habari ya kufuta mstari, kwamba inabidi aazime tena laptop, aingie kwenye ukurasa, labda Jumatatu. Mama akanyanyuka akaenda kwenye shelfu, akachomoa waya wa umeme wa ruta, akarudi akakaa. Ndiyo kazi pekee ya kiinjinia niliyoiona ikifanyika nyumbani kwetu.

Sasa hapo baba angeweza kuwa mtu. Njia ilikuwa wazi, ngazi tatu tu kushuka koridoni na sentensi moja ya kusema. Nilimwona akivuta pumzi, na mpaka leo naamini alikuwa anakaribia. Lakini baba mdogo hakuweza kuacha aibu ikae mahali pake. "Sawa," alisema, "tuseme walikuwa wanaangalia. Mtu mwema akiona jambo kama hilo anafanya nini? Si anapiga simu kwa bosi wake? Huyu hakupiga. Alifunika kimya kimya. Mpaka bosi ndiye ampigie."

Baba akalidaka neno hilo kama anayezama. "Kweli. Kwa nini hukunipigia, Zuhura?"

"Nilikupigia, baba Glory. Mara nne. Jambo kama lile ningekuandikiaje kwenye meseji? Nilikupigia, ikawa inakatwa."

"Mimi sikukata simu yako."

"Ilikatwa, baba."

"Mimi," alisema baba akinyanyua sauti, "sijawahi kukata simu yako." Na ilikuwa kweli. Akanitupia simu yake mapajani. Yeye alijua kupiga na kupokea tu. "Glory, wewe ndiye unayejua. Fungua hapo kwenye simu zilizoingia, siku ile. Tazama kama alipiga."

Nilifungua. Nilishuka na kidole kupita simu za Mwaka Mpya, simu za shangazi, simu za watu wa nyama, mpaka nikafika. Zilikuwa nne, zimepangana, Zuhura Duka, Zuhura Duka, kila moja na alama yake ndogo nyekundu. Niliinua uso. Baba ananitazama, baba mdogo ananitazama, mama ananitazama. Nimewacheka wote hao katika kurasa hizi, na nitaendelea kuwacheka, lakini wao walikuwa wajinga na mimi nilikuwa najua kusoma.

"Hakuna, baba," nilisema.

Mkono wa Zuhura ulikuwa tayari ndani ya mkoba. Niliiona simu yake, kitochi cheusi, imekwishatoka nusu, na ndani yake zilikuwemo zile zile nne zikiwa zimetoka. Akanitazama. Sijui aliona nini; nilikuwa nimeikumbatia simu ya baba kwa mikono miwili, kioo kimegeukia kifuani. Akairudisha ndani, akafunga zipu.

"Labda nilikosea namba," alisema.

"Unaona sasa," alisema baba, na akaegemea kochi, rangi ikamrudia usoni. "Basi, yaishe. Mimi nimekusamehe. Jumatatu njoo kazini."

Zuhura akamshukuru. Alipopita kwenda mlangoni alinishika kichwa, akakiacha kiganja hapo kidogo, na Jumatatu hakuja, wala siku nyingine yoyote.